Kreatinini ni sawa, lakini C3 iko chini

Dada wa Kisumu, pole kwa wasiwasi. Mdogo wako ana lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), kreatinini yake, ile taka ya damu inayochujwa na figo, ni mikromoli 78 kwa lita, lakini C3 na C4 (protini za kinga) zimeshuka na anti-dsDNA (kingamwili ya lupasi) imepanda. Unauliza kama figo ziko salama. Kreatinini peke yake isikutulize. Mara nyingi hupanda figo zikiwa zimeshaumia. C3 na C4 hushuka kwa kuwa kinga inazitumia ikishambulia mwili wenyewe. Huo si uthibitisho kwamba figo zimeguswa, ila ni onyo la kweli.

Jibu liko kwenye mkojo. Apeleke ule wa kwanza wa asubuhi, asiwe kwenye hedhi, apimwe uwiano wa protini na kreatinini pamoja na chembe za damu. Uwiano ukifika gramu 0.5 za protini kwa gramu moja ya kreatinini na kubaki hapo ukirudiwa, daktari wa figo hufikiria biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo kukichunguza. Maabara iwe ileile kila mara, la sivyo kulinganisha ni kazi bure.

Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni aziache kabisa. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, asiikatize bila daktari. Akivimba kope, akikojoa mkojo wa rangi ya strungi au wenye povu lisiloisha, au presha ikipita 140/90, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.