Fizi nyeupe na mkojo mwekundu: usichome sindano kabla ya kupima damu

Pole sana ndugu uliyeuliza umchome nini ng'ombe wako, ng'ombe mwenye kupe, homa, fizi nyeupe na mkojo wa rangi kama soda ya kola huyo kapungukiwa damu na hali hiyo haisubiri kesho. Mkojo mwekundu mara nyingi ni babesia, kidudu kinacholetwa na kupe, kinaingia ndani ya seli nyekundu kinazipasua humo humo kwenye mishipa, ile rangi ya damu inapita kwenye figo inatoka na mkojo. Ingekuwa ndigana baridi (anaplasma), ugonjwa mwingine wa kupe, mkojo usingekuwa mwekundu, maana pale bandama ndo inazikamata seli zilizoambukizwa na kuziharibu, kwa hiyo unaona macho ya njano, mnyama anakonda na kinyesi kigumu. Ndigana kali, nayo ya kupe, yenyewe inashambulia zaidi seli nyeupe, tezi zinavimba, anahema kwa shida.

Sasa dawa zinatofautiana. Oksitetrasaiklini, ile antibiotiki, inasaidia ndigana baridi ila babesia haiimalizi, huyo wako anahitaji imidokabu, dawa ya kuua babesia, na dozi apange daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito. Kabla hajachomwa, mwambie achukue tone la damu ncha ya sikio aweke kwenye kioo cha darubini atafute vidudu, pia apime kiwango cha seli nyekundu, yaani ni sehemu gani ya damu yote, kawaida ni asilimia 24 hadi 46, ikishuka chini ya 15 afikirie kumwongezea damu.

Na tafadhali usimkimbize wala kumswaga mbali, damu ikiwa kidogo hivyo anaweza kudondoka akafa hapo hapo. Mweke kivulini, maji karibu, mtoe kupe taratibu.