Nayasoma, Siyasikii

SWALI: Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikitazama tamthilia za Kiingereza kila usiku kwa nia ya kujifunza lugha. Maandishi yakiwapo chini ya skrini nafuata kisa bila shida, lakini nikiyaondoa nabaki na mvumo wa sauti tu, na msamiati wangu haujaongezeka. Gazeti la Kiingereza nalisoma vizuri. Je, kasoro iko masikioni mwangu?

JIBU: Masikio yako ni mazima. Ulichokuwa ukifanya mwaka mzima ni kusoma, kwa sababu jicho hutangulia, na likishapata maana sikio hulala.

Sisi tuliozoea Kiswahili hutamka kila silabi kwa ukamilifu wake, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo anayeliona neno limeandikwa huwa anajua litakavyosikika. Kiingereza hakitufanyii hisani hiyo: maneno yanayobeba habari hukaziwa, na yale madogo yanayoyaunganisha humezwa. Mhusika akiuliza “What did you tell him?”, kinachofika sikioni ni kitu kama “wodija telim”, “did you” imejikunja ikawa “dija”, na “h” ya “him” imedondoka njiani. Maneno hayo yote uliyajua tangu madarasa ya mwanzo, ila hayakuja na sura uliyoizoea.

Mfano unaoponza wengi zaidi ni “can” na “can’t”. Mwanafunzi huisubiri “t” ya mwisho, ilhali kwa wasemaji wengi, hasa wa Marekani, “t” hiyo haisikiki sawasawa. Tofauti iko kwenye irabu: katika “I can go” neno “can” hufinywa likawa “kn”, na mkazo huangukia “go”, katika “I can’t go” irabu hutamkwa waziwazi na neno lenyewe hukaziwa. Anayesubiri “t” ataelewa kinyume, na katika tamthilia, ambamo mtu huulizwa kama anaweza kusamehe au kutoa ushahidi, kinyume hicho hupindua kisa kizima.

Kwa hiyo nakushauri upunguze. Chagua onyesho la dakika mbili tu, la watu wawili wanaozungumza, lisilo na muziki mkubwa wala magari yanayofukuzana. Lisikilize kwanza bila maandishi, ukijiuliza tu nani anataka nini kwa nani. Kisha lirudie ukilisimamisha baada ya kila sentensi, uandike ulichosikia hata kama ni sauti tupu zisizo na maana. Baada ya hapo ndipo ufungue maandishi, tena ya Kiingereza na si tafsiri, ulinganishe. Pale karatasi yako inapotofautiana na skrini ndipo somo lako lilipo, ingawa ujue kwamba mara nyingine waandaaji wa maandishi hufupisha maneno ya mhusika ili yaenee. Mwisho yafunge tena, useme pamoja na mhusika kwa kasi yake na hata kwa hasira yake, kwani kinywa kilichozoea kusema “dija” hulirahisishia sikio kazi. Zoezi hili linachosha, sikatai. Usilifanyie onyesho unalolipenda sana, maana baada ya wiki hutataka kuliona.

Kuhusu msamiati, huenda unao mwingi kuliko unavyodhani. Stuart Webb na Michael Rodgers, katika utafiti wao wa vipindi vya televisheni uliochapishwa mwaka 2009, walionyesha kwamba familia za maneno 3,000 zinazotumika zaidi (familia moja ni neno na maumbo yanayotokana nalo, kama “tell”, “tells” na “telling”), pamoja na majina ya watu na mahali, hufunika takriban asilimia 95 ya yanayosemwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni maneno mepesi yaliyoungana yakapata maana nyingine, kama “put up with”, ambayo ni kuvumilia, au “Tell me about it”, ambapo msemaji haombi kusimuliwa chochote bali anakubali kwamba jambo hilo limemfika na yeye. Andika sentensi nzima, si neno peke yake. Sentensi tatu kwa onyesho moja zinatosha.

SWALI: Nilimjibu mkuu wangu wa kazi kwa msemo niliousikia kwenye tamthilia, akakunja uso. Nilikosea wapi?

JIBU: Hukuutaja msemo wenyewe, lakini nadhani kosa halikuwa la sarufi. Watu wa tamthilia huishi katika ugomvi, mapenzi na siri, na mengi wanayosema hayavuki mlango wa ofisi. Rafiki akimwambia mwenzake “Shut up!” baada ya kusikia habari njema, maana yake ni “Acha bwana, kweli?”, ukimwambia mkuu wako, umemwambia afunge mdomo. Kando ya kila sentensi unayoinakili, andika pia nani alimwambia nani, na walikuwa na uhusiano gani.