Ndege Huanza Kushuka Wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Shela, Lamu. Kila nisafiripo kutoka Nairobi kuja Manda, injini hupunguza mvumo tukiwa bado mbali na bahari. Je, rubani hukadiria kwa macho, au njia yote hupangwa kabla ya kuondoka?

JIBU: Hupangwa kabla, tena kwa hatua: kupaa, kupanda, kusafiri katika kimo kimoja, kushuka, kukaribia kiwanja na kutua. Katika hesabu, ndege nzima huchukuliwa kuwa nukta moja yenye uzito. Ukinzani wa hewa hutolewa katika nguvu ya injini, na ziada inayobaki hugeuzwa kuwa kimo au kasi. Shirika la EUROCONTROL la Ulaya hutunza modeli ya namna hiyo, iitwayo BADA, yenye takwimu za aina nyingi za ndege.

Kupaa Nairobi kuna hesabu yake. Mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia ardhini masafa marefu kuliko ambavyo ingekimbia Manda ikiwa na uzito ule ule.

Swali lako hasa ni la kushuka, nami naona ndiyo hatua yenye utamu kuliko zote, maana huhesabiwa kinyumenyume kuanzia kiwanjani. Kanuni ambayo marubani huiweka kichwani ni maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kimo, ambayo hulingana na mteremko wa takriban digrii 3. Ndege iliyo futi 24,000 huhitaji maili 72, yaani kilomita 133 hivi. Ikija moja kwa moja kutoka Nairobi, hapo ingali ng'ambo ya mto Tana. Upepo ukiisukuma kutoka nyuma, huanza kushuka mapema zaidi, na upepo huo wa juu si lazima uwe ule muuonao kwenye matanga ya majahazi. Huu wa chini huamua upande wa kutua, kwani ndege hutua ikiukabili; msimu wa kusi huenda ikalazimika kuzunguka ili iingilie upande wa kaskazini, na maili za mzunguko huo nazo hutiwa katika hesabu ya mafuta kabla abiria hawajapanda.