Iliyochakaa, iliyokwisha muda na iliyopitwa na wakati

Msomaji mmoja wa Mbale, mwalimu wa shule ya msingi, ananiuliza iwapo ni sahihi kusema kwamba gomesi (lile gauni rasmi la wanawake wa Uganda) ya mama yake "imepitwa na wakati", au aseme tu kwamba "imechakaa".

Jibu lake ni fupi. Kuchakaa ni kuharibika kwa kutumika sana. Kupitwa na wakati hakuhusu uzi wala rangi: wakati umesonga mbele na kitu kimebaki pale pale, hata kama hakijaguswa na mtu. Gomesi ya mama huenda imechakaa hadi mshipi wake ukachujuka, lakini gomesi kama vazi haijapitwa na chochote, na asiyeamini ahudhurie kwanjula yoyote, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia. "Wakati" tulilipokea kutoka Kiarabu, "pita" ni letu la Kibantu, na ndoa ya maneno hayo ilikuwa na amani mpaka wauza dawa walipoiingilia.

Nakiri kwamba swali kama hili nilikuwa nikilivizia. Kwenye dirisha la kliniki moja jijini Kampala kuna tangazo linaloonya watu wasinunue "dawa zilizopitwa na wakati". Aliyeliandika alikusudia dawa ambazo tarehe iliyochapwa kwenye pakiti imepita, yaani dawa zilizokwisha muda wake wa matumizi. Dawa iliyopitwa na wakati ni klorokwini katika kutibu malaria (na sisi tuliowashwa mwili mzima utotoni kwa sababu yake hatukuililia). Vimelea vya malaria viliijengea usugu, na mwaka 2004 sera ya Uganda ikageukia dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini. Pakiti ya klorokwini iliyotoka kiwandani jana imepitwa na wakati kama tiba ya malaria, ingawa muda wake haujaanza hata kupungua; pakiti ya mseto iliyosahauliwa kabatini muda wake umekwisha, ingawa dawa yenyewe ndiyo ambayo madaktari wanaendelea kuiandika. Mgonjwa atakayelitii tangazo lile neno kwa neno atakwepa klorokwini, kisha ameze mseto uliokwisha muda huku akijiona mwerevu.

Wenye pasipoti walilielewa jambo hili bila kufundishwa. Pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki zilipoanza kutolewa nchini Uganda Desemba 2018, zile za zamani zilihesabiwa siku, na kufikia Aprili 2022 zikaondolewa kabisa, hata zile zilizobakiza miaka kadhaa. Muda wao haukuwa umekwisha. Zilikuwa zimepitwa na wakati, na hapo maneno hayo yalikaa mahali pake.

Kijana wa dukani anayeniambia kwamba maziwa "yameekspaya" namsamehe, maana ananiepusha na maumivu ya tumbo na hajifanyi bingwa wa lugha. Ninayemkasirikia ni mtafsiri anayelipwa, mwenye kamusi mezani, ambaye kila kitu cha zamani akionacho, kiwe kiatu, sheria au mkate, hukibandika "kupitwa na wakati" kisha akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, gomesi ya Mama imechakaa. Ila ningekuwa wewe, ningemnunulia mpya kwanza, ndipo nimwambie.