Mwache Mnyama Abaki Mnyama: Kwa Wanaoandika Filamu ya Kunusurika Majini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, ambaye ameanza kuandika muswada wa filamu kuhusu mvulana aliyebaki peke yake baharini na simba. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo dada, nimesikia muswada wako umenunuliwa," kisha akauliza afanye nini ili hadithi yake isiwachoshe watazamaji, maana kuanzia ukurasa wa 15 hakuna tena mtu wa kuzungumza na mwenzake. Nilimjibu kwa kifupi, lakini kwa kuwa najua mko wengi Moshi na Arusha mnaoandika usiku baada ya kazi za mchana, nimeona jibu refu nilitoe hapa.

Habari alizosikia ni za kweli. Mwezi uliopita kampuni ndogo ya filamu ilinunua muswada wangu wa filamu fupi kuhusu mtoto wa mvuvi na fisi, na malipo yake, ingawa hayafikii bei ya kamera ninayoitumia kazini, yaliingia yote kwa mara moja. Kazi inayonilisha ni kupiga na kuhariri video za harusi, send-off na mazishi hapa Moshi. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu wapo watu waliowahi kunitupia kazi hiyo usoni kana kwamba ni aibu, na nitawafikia.

Filamu iliyomtia kijana huyo hamu ndiyo iliyonitia hamu mimi pia: Life of Pi, iliyoongozwa na Ang Lee na kutoka mwaka 2012, ikitokana na riwaya ya Yann Martel ya mwaka 2001. Familia yenye bustani ya wanyama huko Pondicherry, India, inahamia Canada pamoja na wanyama wake kwa meli ya mizigo ya Kijapani; meli inazama katika dhoruba, na kijana Pi anajikuta ndani ya boti la kuokolea pamoja na pundamilia aliyevunjika mguu, orangutani, fisi, na simbamarara anayeitwa Richard Parker. Baada ya muda mfupi wanabaki wawili tu, kijana na simbamarara, na wanakaa majini siku 227. Filamu hiyo ilipata tuzo 4 za Oscar mwaka 2013, ikiwemo ya uongozaji, na watu wengi hudhani iliwashika watazamaji kwa uzuri wa picha zake. Mimi naamini iliwashika kwa sababu Ang Lee hakukubali simbamarara yule awe kitu kingine zaidi ya simbamarara.

Baba yake Pi analisema jambo hilo mapema kabisa. Mtoto anataka kumlisha mnyama kwa mkono kupitia nondo, kwa sababu ameona kitu ndani ya macho yake. Baba anaagiza mbuzi afungwe kwenye nondo zile zile, na mtoto anashuhudia yanayompata mbuzi. Kile unachokiona ndani ya macho ya mnyama, anamweleza, ni hisia zako mwenyewe zinazokurudia. Kuanzia hapo mtazamaji anajua kwamba hakuna urafiki utakaokuja kumwokoa mtu, na ndiyo maana kila mara turubai la boti linapotikisika kidogo, ukumbi mzima unashika pumzi bila mtu yeyote kusema neno.

Sisi wa huku jambo hili linatuwia gumu kwa sababu tumelelewa kwa hadithi za wanyama wanaozungumza. Fisi wa bibi zetu ni mlafi na mjinga, anadanganywa na sungura kila jioni, na watoto wanacheka. Fisi wa kwenye lile boti hazungumzi. Anazunguka, analia kwa sauti nyembamba, anamshambulia pundamilia aliyekwisha kuumia, na hakuna anayecheka.

Fisi wa kwanza niliyemwogopa kikweli nilikutana na kazi ya meno yake kabla sijamwona mwenyewe. Mjomba wangu ni mvuvi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kule mito ya Kikuletwa na Ruvu inakokutana kabla ya kuendelea kama mto Pangani. Nikiwa msichana nililala kwenye kambi yao ya wavuvi, na usiku fisi alikuja kwenye vichanja vya kukaushia samaki. Asubuhi mjomba alinionyesha sufuria ya alumini iliyokuwa na mabaki ya ugali: ilikunjwa upande mmoja kama karatasi, na juu ya ukingo wake kulikuwa na matundu ambayo ningeweza kupitisha kidole. Mjomba aliigonga kwa jiwe mpaka ikakaa sawasawa, akabandika chai, na chai ikachuruzika motoni kupitia matundu yale. Hakumtukana fisi wala hakumsifu.

Huko ndiko muswada wangu ulikotoka. Mvua za masika zinajaza bwawa usiku, kambi inazungukwa na maji, na mtoto wa miaka 12 anabaki juu ya kipande cha ardhi chenye matete pamoja na tenga la samaki wakavu na fisi aliyekimbia mafuriko kama yeye. Mtoto anamrushia fisi samaki ili asigeuke yeye kuwa chakula. Lakini majini kuna mamba, na fisi ndiye anayemsikia mamba kwanza. Kila anaposimama na kugeuza masikio upande wa maji, mtoto anajifunza kurudisha miguu yake nyuma. Fisi hana nia ya kumsaidia mtu, na bado mtoto asingepona bila yeye.

Niliupeleka kwa prodyuza mmoja wa Arusha, ambaye jina lake litabaki kwangu. Alisoma kurasa za mwanzo huku akijibu simu, mbele ya vijana wake watatu, kisha akaniambia, "Dada, huyu fisi lazima aongee. Halafu mapenzi yako wapi?" Alitaka mtoto awe kijana wa miaka 20, amuue fisi kwa panga ukurasa wa 10, na msichana mrembo afike kwa mtumbwi kumchukua. Nilipojaribu kumweleza kazi ya fisi katika hadithi, mmoja wa vijana wake alisema kwamba hayo ndiyo matatizo ya kufanya kazi na watu wa video za harusi, wanataka kila kitu kiwe kirefu. Walicheka wote. Nilipanda gari la kurudi Moshi nikiwa nimekaa upande wa dirishani ili abiria mwenzangu asinione uso, na nakiri kwamba kicheko kile bado nakisikia, hata baada ya malipo kuingia. Nilikataa kubadilisha hata ukurasa mmoja, na sasa nafurahi kulisema hilo hadharani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwandishi yeyote wa hadithi ya namna hii ni kwamba mnyama lazima awe hatari na hitaji kwa wakati mmoja. Katika filamu ya Ang Lee kuna wakati Richard Parker anajirusha baharini kuwakimbilia samaki, kisha anashindwa kupanda tena botini. Ananing'inia kwa makucha, manyoya yamelowa, anamtazama Pi, na Pi ameshika shoka. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kulala salama kwa mara ya kwanza tangu meli izame. Analiinua shoka, anashindwa kulishusha, na badala yake anatengeneza ngazi ya kumrudisha adui yake ndani. Baadaye anatueleza kwamba hofu ya mnyama yule ilimweka macho, na kazi ya kumtafutia chakula ilimpa sababu ya kuendelea kuishi. Mwandishi anayemuua mnyama mapema anabaki na mtu mmoja na maji mengi, na hapo ndipo kuchosha kunakoanzia. Muulize mhusika wako angepoteza nini kama mnyama angekufa usiku huu. Kama jibu ni kwamba asingepoteza chochote, rudi mezani.

Kuhusu ukimya ambao kijana aliniuliza, jibu langu ni kumpa mhusika kazi ya mikono. Pi ana kitabu cha maelekezo ya kunusurika, ana filimbi, ana makasia na majaketi ya kuokolea anayoyafunga pamoja kuwa chelezo cha kukaa mbali na meno ya mwenzake, huku kamba ikikiunganisha na boti. Anampulizia mnyama filimbi huku akiliyumbisha boti, ili mnyama aihusishe sauti ile na kichefuchefu. Mambo haya yana uzito wa kweli, na si bahati: mshauri wa filamu alikuwa Steven Callahan, Mmarekani aliyeelea siku 76 kwenye Bahari ya Atlantiki mwaka 1982 baada ya mashua yake kuzama. Nanyi watafuteni walioishi jambo mnaloliandika. Mimi nilirudi kwa mjomba, nikamwuliza jinsi mtu anavyofunga fundo la wavu gizani, samaki wakavu wanakaa muda gani wakilowa, na mvuvi anawasha vipi moto kuni zikiwa mbichi, na majibu yake yalijaza kurasa ambazo zingejaa maneno matupu.

Msikatishwe tamaa na suala la bahari. Nimesikia waandishi wa huku wakisema kwamba hadithi za maji ni za watu wa Tanga na Zanzibar. Sehemu kubwa ya bahari mliyoiona katika filamu ile ilikuwa bwawa la mawimbi lililojengwa kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena huko Taichung, Taiwan. Suraj Sharma, aliyecheza kama Pi, hakuwa ameigiza filamu kabla ya hapo, na hakuwahi kukaa botini na simbamarara aliye hai. Mara nyingi mnyama mnayemwona ni kazi ya kompyuta, na walipomtumia wa kweli, kijana hakuwepo. Sisi hatuna kompyuta za namna hiyo, lakini tuna giza, matete na sauti. Fisi wangu anaonekana mwili mzima mara chache sana; kwingineko ni pumzi, mifupa inayovunjwa, na macho mawili yanayorudisha mwanga wa tochi. Kama mnataka kupiga picha ndani ya hifadhi, ulizeni vibali na ada mapema, kabla ya kuahidi lolote kwa waigizaji.

Jambo la mwisho kuhusu uandishi ni mwisho wenyewe. Boti linapofika ufukweni mwa Mexico, Richard Parker anashuka, anasimama mbele ya msitu, na anaingia bila kugeuka nyuma. Pi analia kwa kutoagwa. Kisha, hospitalini, wachunguzi wawili wa Kijapani wanakataa kuamini, naye anawapa hadithi nyingine isiyo na wanyama, yenye mpishi, baharia na mama yake, ya kutisha kuliko ya kwanza. Hadithi hiyo ya pili isingekuwa na nguvu yoyote kama simbamarara angekuwa amemlamba Pi mkono siku moja kabla. Kijana wa Ngaramtoni ameandika ukurasa wa mwisho ambamo simba analala miguuni pa mvulana huku kijiji kikipiga vigelegele. Nimemwomba aufute. Ajiulize pia simba huyo aliingiaje baharini, kwa sababu katika filamu ile bustani ya wanyama na safari ya kuhama zinajibu swali hilo kabla mtazamaji hajaliuliza, na muswada wake haujibu.

Halafu kuna fedha, ambayo waandishi wetu wanaona haya kuitaja. Rhythm & Hues, kampuni iliyomuumba Richard Parker kwenye kompyuta, iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika mwezi Februari 2013, siku chache kabla ya kazi yake kupata Oscar; na mmoja wa waliopanda jukwaani alipoanza kuitaja hali hiyo, muziki ulipandishwa ili ashuke. Kama hayo yaliwapata waliotengeneza mnyama maarufu kuliko wote mwaka ule, msidhani nyinyi mtalindwa na tabasamu la prodyuza. Pelekeni kazi zenu zisajiliwe kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla ya kumpa mtu nakala. Dai malipo ya awali kwa maandishi. Soma mkataba wote, wala usisomewe, na ukifika kwenye kifungu kinachosema nani ana haki ya kubadilisha muswada baada ya kusaini, kisome mara ya pili, maana kwa kifungu hicho fisi wako anaweza kupewa sauti, na msichana wa mtumbwi akaingizwa.