Ukitaka kuwasaidia wanajeshi wa zamani, anza na makaratasi yao

Vijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakiniuliza namna ya kufufua chama cha wanajeshi wa zamani katika mtaa wao, nawaambia waache kwanza habari za fulana, kofia na picha za pamoja. Watafute masanduku. Mimi ni mwandishi wa chama kidogo cha namna hiyo huku Kadutu, mtaa wa Bukavu wenye milima. Marehemu baba alikuwa soda, yaani askari, na siku hizi wajane na watoto ndio wengi kuliko wazee wenyewe. Kazi yetu kubwa haionekani barabarani: tunapanga karatasi.

Jeshi letu limebadili jina mara nyingi mno. Mpaka 1960 lilikuwa Force Publique, jeshi la Wabelgiji waliotutawala, likawa ANC, likawa FAZ nchi ilipoitwa Zaire, FAC baada ya Mobutu kuanguka 1997, kisha FARDC. Muzee mmoja anaweza kuwa na mihuri mitatu tofauti, na karani kijana asiitambue hata mmoja. Halafu kuna 1972, tulipoamriwa kuacha majina ya Kikristo. Mtu aliandikishwa jeshini kwa jina la Joseph, akazikwa kwa jina jingine. Mjane akienda kudai haki yake anajibiwa, "Mama, huyu si mume wako."

Mama mmoja wa kwetu alijibiwa hivyo. Alikuwa na kitabu cha jeshi cha mumewe, jalada limeliwa na mende, picha imebaki nusu uso. Jina halikulingana na la cheti cha kifo. Tulipokifungua vizuri, ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya mshahara wa miaka ya baadaye, chenye jina jipya na matrikule, yaani namba ya askari, ileile. Hapo ndipo dosye yake, yaani faili la madai, ilipopokelewa.

Kwa hiyo andika matrikule kabla ya jina. Piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, mchana penye mwanga. Usiitie plastiki ya moto, maana wino wa zamani unaweza kuharibika. Karatasi yenyewe irudi kwa familia siku hiyo hiyo. Atakayesema "nipe niipeleke Kinshasa" mpe fotokopi, hata kama ni mtoto wa shangazi. Hasa kama ni mtoto wa shangazi.

Historia utaipata humo humo. Kila mtu hapa anaijua kambi ya jeshi ya Saio, lakini waulize wanaopita pale Saio ni nini. Ni mji wa Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo. Julai 1941 jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha huko kwa askari waliotoka Kongo. Na mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, vikosi vya Kongo vilivuka mto Ruzizi kwenda kupigana na Wajerumani, mpaka Tabora ikachukuliwa mwezi wa Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi wengi kuliko askari. Familia ya mpagazi ikija, usiifukuze kwa sababu haina kitabu. Andika inachokumbuka.

Usiipambe hiyo historia. Force Publique ndiyo iliyoshika fimbo ya mkoloni, na kuna koo huku ambazo hazijasahau. Wazee wetu pia hawakupigana wote upande mmoja: wapo wa 1967, mamluki wa Mbelgiji Schramme walipoukalia mji huu kuanzia Agosti hadi Novemba, na wapo waliokutana 1996, katika vita vya kumwondoa Mobutu, wakiwa maadui. Leo wanakaa benchi moja. Kwenye mkutano hatuulizi nani alimpiga nani. Hayo yaandike nyumbani kwa mtu, peke yake, akitaka.

Kuhusu huduma kwa mtaa, anzeni na matanga. Viti, turubai, sufuria kubwa, na mtu wa kukesha na wafiwa: hapo ndipo jirani anapokiamini chama. Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ifuate, hasa kuzibua mifereji kabla ya mvua, kwa sababu milima ya Kadutu haina huruma. Likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana, ni nzuri, lakini daftari lake lisikae kwa rais wa chama.

Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani koplo Albert Kunyuku mjini Kinshasa, mpiganaji wa vita vya pili vya dunia, mzee wa miaka 100. Nilifurahi. Nilihesabu pia miaka aliyosubiri. Msingoje wageni.

Jambo la mwisho la vitendo: nenda kwa muzee asubuhi, kabla hajachoka, na uchukue mtu anayejua Lingala vizuri. Atakusalimu kwa Kiswahili, atakusimulia ndoa yake kwa Kiswahili, lakini akifika vitani atageukia Lingala, lugha aliyoamrishwa nayo. Ukimkatiza akutafsirie, hatarudi tena pale alipokuwa.