Kwa nini piano ya Debussy inajizuia?

SWALI: Ndugu Mhariri, selo, ile fidla kubwa, nimeizoea katika taarabu ya Unguja, lakini hivi karibuni nimeanza kusikiliza sonata, yaani tungo za ala zenye sehemu kadhaa, za selo na piano zilizotungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya Mrusi Rachmaninov inanikolea, ila mara nyingine piano inaifunika selo. Katika ile ya Mfaransa Debussy, piano inasikika kwa uchache sana, na kabla sijaizoea imekwisha. Je, Debussy aliharakisha, au alikusudia iwe hivyo? Na je, ni kweli kwamba inasimulia kisa cha Pierrot, yule mchekeshaji wa jukwaani, aliyeukasirikia mwezi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, alikusudia. Debussy mwenyewe aliacha agizo kwamba mpiga piano asisahau kamwe kuwa haimpasi kupambana na selo, bali kuisindikiza.

Agizo hilo lina sababu. Nyuzi nne za selo, yaani C, G, D na A, zinaanzia kwenye sauti za chini na kupanda hadi karibu na katikati ya kinanda cha piano, mahali ambapo mikono yote miwili ya mpiga piano hupenda kukaa. Kwa hiyo mtunzi akijaza sauti nyingi hapo, selo humezwa hata kama mpigaji wake anakaza upinde kwa nguvu zake zote. Rachmaninov, aliyekuwa bingwa wa piano, aliikamilisha sonata yake mwaka 1901, ikiwa na sehemu nne zinazochukua zaidi ya nusu saa, na humo piano ni mshirika kamili ambaye mara nyingi ndiye anayeileta tuni kwanza. Ulichokisikia, basi, ni matokeo ya uamuzi wake, ingawa wapigaji wazuri hujua kupunguza uzito pale selo inaposhuka chini.

Debussy alipita njia nyingine, nami nakiri kwamba ndiyo inayonigusa zaidi. Sehemu ya kwanza inafunguliwa na piano peke yake kwa tamko fupi lenye heshima, kisha selo inapoingia, piano inarudi nyuma na kuiachia nafasi. Katika sehemu ya pili, Serenade, mpiga selo anauweka upinde kando kwa muda mrefu na kudonoa nyuzi kwa vidole, huku piano ikijibu kwa sauti fupi kavu, hata unadhani unasikia gitaa. Ghafla upinde unarudi kwa mstari mmoja mwembamba, kisha unaachwa tena. Sehemu hiyo inaingia katika ya tatu bila kituo, na zote tatu hazizidi dakika 12 au hivi.

Ni kweli kwamba aliiandika upesi, katika kiangazi cha 1915 akiwa Pourville, kwenye pwani ya Normandy, baada ya miezi mingi ya Vita vya Kwanza vya Dunia ambayo karibu imnyamazishe. Hata hivyo, upesi huo haukuwa uzembe. Alikuwa amepanga sonata sita za ala mbalimbali, akizitia saini kama "mwanamuziki Mfaransa", na aliyatazama mapokeo ya Ufaransa ya karne ya 18, ya watunzi kina Couperin na Rameau, badala ya sonata ndefu za Kijerumani. Alimaliza tatu tu kabla ya kufariki Machi 1918.

Kuhusu Pierrot, kisa hicho kilienezwa na mpiga selo Louis Rosoor, na Debussy alichukizwa nacho. Nakushauri ukiache kabisa, kwa sababu anayemtafuta Pierrot huacha kuisikia selo. Tafuta badala yake rekodi ya mpiga selo Mstislav Rostropovich akiwa na Benjamin Britten kwenye piano, ya mwaka 1961, uanze na Serenade, na mara hii umfuatilie Britten zaidi: angalia anavyokata kila sauti mapema ili ile ya selo ipate kumalizika yenyewe.